Dada Yangu wa Ndegeni

Watu wa Mtongwe wakishakupa jina, hata uende kwa chifu hulivui. Dada yangu mkubwa, Mwanarehema, walimpa jina la Wa Ndegeni, likamganda miaka kumi na tisa. Mimi ni Salha, mdogo wake wa kumfuata. Nakaanga bajia na viazi karai kando ya barabara pale pale Mtongwe, na habari hii sikuhadithiwa. Nilikuwepo.

Nianze na lile ambalo watu hawakulijua. Wa Ndegeni alikuwa hajawahi kupaa. Si kwenda Nairobi, si kwenda Lamu, hata kimo cha mnazi. Kuingia ndani ya ndege ameingia mara zisizo idadi, maana kazi yake ni kuzisafisha pale uwanja wa ndege, Port Reitz. Ndege inatua, abiria wanamalizika kushuka, ndipo yeye na wenzake wanaingia kwa mlango wa nyuma na mifuko ya taka. Wanapewa dakika ishirini na tano, nyingine thelathini. Wakitoka wao, wanaingia abiria wapya, mlango unafungwa, na dada yangu anabaki chini amejiziba masikio.

Siku yake ya kwanza kazini alikutana na lile dubwana la watalii wa Kijerumani, lenye njia mbili katikati ya viti na watu kumi katika safu moja. "Salha, nilidhani nimeingia ukumbi wa harusi," aliniambia. Akashika njia moja na mfuko wake, akazunguka, akarudi kwa njia ya pili, akaanza kusafisha upya safu aliyokwisha kuimaliza. Msimamizi akamkemea mbele ya watu. Yeye, kwa ukaidi wake, akakaa siku ile ile kujifunza lile dubwana kama mtu anavyojifunza nyumba ya mkwe: choo kiko wapi, taa inawashwa wapi, watu wanaficha wapi ubani waliokwisha kuutafuna, na wapi mama mwenye mtoto anasukumiza nepi akidhani haitaonekana. Mwaka wa tatu akawa yeye ndiye anayewafundisha wageni wa kazi. Mwaka wa saba akawa msimamizi. Aliwahi kukuta meno ya bandia ndani ya kikombe, akayakimbiza mpaka kwenye basi la watalii na kumkabidhi mwenyewe mkononi, mzee wa watu akacheka kwa ufizi mtupu.

Ila fahari yake kubwa ilikuwa mikanda. Kiti kikishasafishwa, mkanda wake unapishanishwa juu ya kikalio, upande huu juu ya upande huu, kifungo katikati. "Kiti kiwe kama mtu aliyefunga mikono anaswali," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wenzake. Mkanda uliolala ovyo ulikuwa unamkera kama mimi ninavyokerwa na mtu anayetia kidole kwenye bakuli la ukwaju.

Sasa hilo jina. Ilikuwa harusi ya binamu yetu, mwaka wake wa kwanza kazini, yeye akachelewa. Mashangazi wakamshukia: "Mwanarehema, ndiyo saa hii?" Akajibu, "Nisameheni, nimetoka kwenye ndege ya Ujerumani sasa hivi." Ukweli mtupu. Lakini pilau lilipokuwa linapakuliwa, dada yangu alikuwa ameshafika Ujerumani na kurudi, na mama mmoja akamuuliza habari ya baridi.

"Baridi ya mle ndani acha tu," akasema. Napo hakusema uongo, maana kipoza hewa cha ndege kinagandisha.

Usiku ule nikamwambia, "Dada, wasahihishe hawa."

"Niwasahihishe nini? Nimesema uongo gani?"

"Hukusema uongo. Umenyamaza mahali pa kusema."

"Basi nimenyamaza," akasema, akageuka upande wa ukuta. Na akanyamaza miaka kumi na tisa. Wakimsifu anatabasamu, wakimuuliza habari za huko anasema nimechoka. Mimi pia nikanyamaza, kwa hiyo sijitoi.

Mama yetu, Bi Dhahabu, aliamini kuliko wote kwamba mwanawe hupaa na ndege. Ana shamba la muhogo na mikorosho sita, na ndege zinazoshuka Port Reitz zinapita juu yake, chini chini, magurudumu nje. Zikipita, mama anaacha jembe, anajitanda leso kichwa kizima mpaka kelele iishe. Tangu tukiwa watoto ni hivyo.

"Lile dude nimeliona tumbo lake," alikuwa akisema. "Kitu nilichokiona tumbo, sikipandi."

Na mtu huyo huyo, dua yake ya kila alfajiri ilikuwa kufika Makka kabla hajafa. Jinsi alivyotaka kufika bila kupanda sijui. Nadhani hilo alimwachia Mungu.

Mwaka jana ndipo mambo yakatengenea. Ustadh Mansur wa msikiti wetu alikuwa anapeleka watu thelathini na mmoja umra, na sisi watoto tukamwandikisha mama. Mimi na Mwanarehema tukajiandikisha pia ili tumsindikize. Pasi zikatoka, sindano zikachomwa, nguo nyeupe zikashonwa. Wiki mbili kabla ya safari, Ustadh amekaa barazani kwetu anakunywa kahawa, mama akauliza, "Kwani Ustadh, hakuna njia ya chini?"

"Ya chini ipo, Bi Dhahabu. Ila ukitangulia leo, utatukuta tumesharudi."

Mama akatafuna kashata yake taratibu. Kisha akasema, "Haya. Nitapanda kwa sharti moja. Nikae na Mwanarehema. Yeye ameshazoea. Asipokuwa yeye ubavuni mwangu, mimi sipandi, na msiniletee maneno."

Nilimtazama dada yangu. "Sawa, mama," akasema.

Nilimfuata jikoni. "Mwambie."

"Nikimwambia hapandi."

"Na asipoambiwa?"

"Anapanda, anafika, anaiona Kaaba kwa macho yake. Salha, mama ana miaka sabini na nne. Safari hii ikimpita, nyingine ataipata wapi? Mimi nitaogopa kimya kimya. Kuogopa kimya siwezi?"

Nilimenya kitunguu.

Basi akaanza kumfundisha mama kupanda ndege. Aliazima viti sita vya plastiki kwa wakodishaji wa harusi, akavipanga uani safu mbili, akafunga leso kila kiti ziwe mikanda. Mama akakaa dirishani, yaani upande wa banda la kuku. Mwanarehema akamwonyesha jinsi ya kufunga, kufungua, kutoa meza ndogo inayokunjwa mgongoni mwa kiti cha mbele, choo kinavyovuma ukikivuta maji. Akamwambia mfuko wa mbele usitie ganda la chungwa, blanketi usilikanyage, likunje mara nne. Na akamwambia kabla hujaondoka kitini, pishanisha mkanda, hivi, kifungo katikati.

"Wote wanafanya hivyo?" mama akauliza.

"Ndivyo inavyotakiwa," dada yangu akajibu, bila hata kupepesa.

Mimi niliona palepale. Alikuwa anamfundisha mama yote anayoyajua yeye, na anayoyajua yeye ni namna ya kukiacha kiti. Wakafanya mazoezi siku nne, mama akawa fundi, leso zinapishana kama zimepigwa pasi. Siku ya nne akauliza, "Na ikipaa, tumbo linakuwaje?"

Mwanarehema akanyoosha leso ya kiti cha kando. "Linakuwa pale pale lilipo."

Kuku wakacheka, wallahi.

Siku ikafika. Tukapita barabara ya Dongo Kundu, Mtongwe nzima imetusindikiza mpaka njia panda. Pale uwanjani, dada yangu alikuwa kama bibi harusi. Askari wa mlangoni: "Mwanarehema! Leo mgeni wetu!" Wa kukagua mizigo: "Shikamoo Bi Mwana, huyu ndiye mama?" Mama anaitikia marahaba kulia na kushoto, shingo imerefuka, anawatazama wenzetu wa msafara kuhakikisha kila mtu ameona. Ustadh Mansur mwenyewe akasema, "Bi Dhahabu, kumbe tunasafiri na wenye nyumba." Mama akatikisa kichwa kama aliyeambiwa jambo analolijua.

Tukatolewa nje kwa miguu kuelekea ngazi ya ndege. Ndipo wale wenzake wakatoka kwa ngazi ya nyuma na mifuko ya taka, wamevaa makoti yao ya kung'aa: Milcah, ambaye kwao ni bara lakini amekaa Chaani mpaka Kiswahili kimemlainika, na Fidel, mrefu kama mlingoti wa taa. Walipomwona dada yangu wakatupa mifuko chini.

"Bosi!" Milcah akapiga kelele huku anapunga mikono. "Miaka yote hii unatusukuma, leo na wewe unapaa! Siku ya kwanza, bosi! Usiogope!"

"Safu yenu ya kumi na nne tumeisugua mara mbili," Fidel akaongeza. "Ukikuta hata punje ya karanga, nipigie simu kutoka juu!"

Walikuwa na furaha ya kweli, maskini. Hawakujua.

Mama alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Akautoa.

"Siku ya kwanza ya nini?"

Dada yangu akawa kama mtu aliyemezwa na nguo zake.

"Mwanarehema. Nakuuliza. Siku ya kwanza ya nini?"

"Ya kupaa, mama."

"Na Ujerumani?"

"Sijafika Ujerumani. Sijafika popote. Mimi naingia ikishatua, nasafisha, natoka."

Jua la saa tisa linatuchoma vichwa, watu wamesimama nyuma yetu, bwana mmoja mwenye mkoba akasema, "Mama, tunaungua hapa." Mama akamwambia, "Ungua," bila kugeuka. Kisha akamwambia dada yangu kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi: "Kwa hiyo ni Wa Ndegeni wa kuokota maganda. Na mimi nimekuja kumfuata mtu asiyejua anakonipeleka. Salha, chukua mkoba wangu. Turudi."

Ustadh akaanza kusema jambo la subira. Mama akainua kiganja, Ustadh akanyamaza. Mimi nimeshika mkoba, sijui niende mbele au nyuma. Nikafikiria ile dua ya alfajiri, miaka yote hiyo, inaishia kwenye ngazi ya kwanza.

Dada yangu hakulia. Alimshika mama kiwiko, akamgeuza auangalie ule uwanja.

"Mama, nisikilize, kisha ukitaka kurudi nitakurudisha mwenyewe. Huko juu sijui kulivyo, kweli. Lakini hizi ndege zinakwenda, na zikirudi ni mimi ninayezipokea. Miaka kumi na tisa. Nimezipokea zimelowa mvua, nimezipokea zimechelewa mpaka watu wamelala sakafuni. Ile iliyokwenda asubuhi, jioni naikuta na takataka zake. Sijawahi kusimama pale nikaingoja ndege isije. Kwenda sikujui. Kurudi nakujua kuliko mtu yeyote hapa."

Mama akamtazama. "Zote?"

"Zote nilizozisafisha mimi."

"Na hii?"

"Hii ilikuja Jumanne. Ile safu ya ishirini ina kiti kisicholala vizuri."

Mama akatazama juu ya ngazi, akatazama tumbo la ndege, akavuta pumzi. "Nampandia Mungu, sikupandii wewe," akasema. "Na jina la Wa Ndegeni nisilisikie tena mbele yangu."

"Sikujiita mimi, mama."

"Na hukukataa."

Akapanda. Ngazi moja moja, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umemkamata dada yangu kwa nguvu iliyoacha alama.

Mimi nilikaa safu ya nyuma yao, nawachungulia kati ya viti. Ndege ikazunguka, ikasimama, ikanguruma. Halafu ikatutupa nyuma, na ardhi ikaondoka. Mimi nilisoma kila dua niliyoikumbuka tangu chuo cha Kurani. Dada yangu, mtu anayejua kila skrubu ya kile kiti, alikuwa amefumba macho na mishipa ya shingo imetoka kama kamba za kisima.

"Ehe," nikamsikia mama. "Tumbo liko wapi?"

"Limebaki Port Reitz," dada yangu akasema, macho bado yamefumbwa.

Mama akacheka. Si kicheko kirefu, ila nilikisikia. Kisha akabandika paji la uso dirishani, na hakuling'oa. Ndege iliinama upande wetu. "Lile maji ni mlango wetu wa bahari," akasema. "Na pale Mtongwe. Salha! Lile bati jekundu si la msikiti?" Akatafuta shamba lake, sijui kama aliliona. "Miaka yote najitanda leso," akasema taratibu, "kumbe kutoka huku mtu hata haonekani."

Addis tukabadilisha ndege. Ile ya kwenda Jedda ilikuwa dubwana hasa, njia mbili, watu kama sokoni, na abiria wa umra kutoka kila nchi. Msafara wetu ukachanganyikiwa mlangoni, bibi mmoja wa mtaa wa Shika Adabu ameshika njia ya kushoto na kiti chake ni cha kulia. Na hapo nikamwona dada yangu akirudi kuwa yeye. "Bi Saumu, zunguka kwa hapa mbele ya choo, utatokea upande wa pili. Ustadh, mkoba huo hauingii umesimama, ulaze. Taa ni ile, bonyeza. Blanketi liko chini ya mto." Aliwakalisha wote thelathini na mmoja kabla wahudumu hawajafika safu zetu. Mhudumu mmoja, binti mwembamba, alisimama anamtazama, kisha akamwachia njia apite. Mama alikuwa ameshajifunga mkanda, ametulia, na macho yake yalikuwa yanamfuata Mwanarehema kila alikokwenda.

Tukatua Jedda. Kumbe watu ni wale wale dunia nzima: magurudumu hayajasimama, wameshainuka wanang'oa mizigo. Dada yangu hakuinuka. Alikaa ametulia, mikono mapajani, anangoja. Nikamgusa bega. "Dada, tumefika."

"Ngoja abiria washuke," akasema.

"Sisi ndio abiria!"

Akanitazama kama niliyemwamsha. Lakini mwili wake ulikuwa umeshaanza. Safu ya nyuma yetu ilipokwisha kutoka watu, akainuka, akachukua blanketi lililoanguka njiani, akalikunja mara nne, akanyoosha mkono, akapishanisha mkanda wa kiti cha pili, cha tatu. Nilitamani kujificha. Nikamgeukia mama ili amzuie.

Mama naye alikuwa amesimama. Amekunja blanketi lake, amelilaza juu ya mto, na anaupishanisha mkanda, upande huu juu ya upande huu, kifungo katikati, kama tulivyofanya kando ya banda la kuku. Kisha akamwona bwana mmoja wa safu ya mbele, mwenzetu wa msafara, anaondoka na ganda la chungwa limebaki kitini.

"We, baba! Kwenu hivyo ndivyo unavyoacha mahali pa watu? Rudi. Okota. Na mkanda." Akamwonyesha. Bwana akafanya. Wa kando yake akafanya. Bi Saumu akafanya, na Ustadh Mansur, baada ya kuitazama kwanza ili ajue upande upi unakwenda juu. Mimi pia nilifanya, ningefanyaje?

Yule binti mhudumu akaja akasimama kwenye njia. Safu nne za watu wa Mtongwe, viti vyote vimefunga mikono. Akamuuliza Ustadh jambo kwa Kiingereza, Ustadh akamtafsiria mama: "Anauliza ni nani aliyewafundisha."

Nje ya mlango wa nyuma niliwaona watu wanaongoja. Wanaume watano, makoti ya kung'aa, mifuko ya taka mikononi. Mwanarehema naye aliwaona, akawapa salamu kwa kichwa, na mmoja wao akachungulia ndani, akaona vile viti, akamwonyesha mwenzake kwa kidole.

Mama akamshika dada yangu mkono, akamvuta mbele ili yule binti amwone vizuri.

"Mwambie ni huyu," akamwambia Ustadh. "Mwanangu. Mwanarehema wa Ndegeni."